Kumfundisha Mtoto Kujumlisha Namba Kubwa kwa Thamani ya Nafasi: Mwongozo Kamili

38 + 25 = 513.

Kama umewahi kukaa na mtoto wa miaka sita, saba au minane juu ya daftari la hesabu, jibu hili unalijua. Nane na tano ni kumi na tatu, kaandika 13. Tatu na mbili ni tano, kaandika 5 mbele yake. Hajakosea kujumlisha hata mara moja. Asichokijua ni thamani ya nafasi, yaani kwamba ile 1 ya kwenye 13 ni kumi zima, na kumi halina makazi katika safu ya mamoja.

Mkubwa aliye karibu hufuta na kueleza upya: "Andika tatu, beba moja." Mtoto anaandika tatu, anabeba moja, anapata 63, wote wanafurahi. Kesho yake: 47 + 36 = 713. Anafutiwa tena, sauti inapanda kidogo, naye anaanza kuamini kwamba hesabu si yake.

Nimeona hili likijirudia kwa wazazi wenye subira na kwa walimu hodari. Tatizo haliko kwenye juhudi. "Beba moja" ni maelezo ya mkono wa penseli, na mtoto anahitaji kwanza kuona kitu kinachobebwa. Mwongozo huu unaanzia kwenye kitu hicho na kufika kwenye penseli mwishoni. Usiruke hatua hata kama mtoto anaonekana mwepesi. Wepesi wengi ni wa kukariri.

## Kwanza pima jambo moja

Muulize mtoto 8 + 5 bila karatasi, kisha tazama vidole vyake kuliko jibu lake. Akianza "moja, mbili, tatu…" hadi nane ndipo aongeze tano, subiri wiki moja au mbili. Akili inayohesabu kijiti kimoja kimoja hadi kumi na tatu, ikifika huko imeshasahau ilikuwa inatafuta nini.

Wiki hizo zitumie kwenye jozi za kumi: 9 na 1, 8 na 2, 7 na 3, 6 na 4, 5 na 5. Azijue kama anavyojua majina ya ndugu zake. Kisha mfundishe kukamilisha kumi: nane inataka mbili ifike kumi, zitoe kwenye tano, zinabaki tatu, kumi na tatu. Mtoto anayefanya hivi kichwani ameshafika nusu ya safari, kwa sababu kujumlisha namba kubwa ni kukamilisha kumi tena na tena, katika safu moja baada ya nyingine.

## Vifaa

- Vijiti 130 vyembamba, vya ukubwa mmoja, urefu wa kidole hivi.
- Mipira midogo ya kufungia (rababendi) 15, na mmoja mkubwa wa kufunga fungu nene.
- Karatasi kubwa iliyogawanywa safu tatu. Juu yake andika, kutoka kushoto: MAMIA, MAKUMI, MAMOJA.
- Kadi 27 za kupandanisha: 1 hadi 9, 10 hadi 90, 100 hadi 900. Kadi ya makumi iwe na upana mara mbili ya kadi ya mamoja, na ya mamia mara tatu.
- Daftari la hesabu lenye vyumba vya mraba, penseli, kifutio, na kalamu moja ya rangi.

Watu huniuliza kama sarafu au vifungo vya rangi vinafaa badala ya vijiti. Mwanzoni, hapana. Sarafu ya kumi haina sarafu kumi ndani yake. Mtoto hawezi kuifungua akaona. Kifungu cha vijiti kinafunguka, na ndani mna vijiti kumi vile vile alivyovihesabu mwenyewe. Vitu vya kubadilishana vitafaa baadaye, akishaamini.

Kama kuna mtoto mdogo zaidi nyumbani, hesabu vijiti na mipira kabla na baada ya somo. Hivyo vyote huishia mdomoni.

Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha. Somo la saa nzima siku ya mapumziko halifidii wiki nzima ya kimya.

## Hatua ya 1: Kufunga makumi

Mpe mtoto rundo la vijiti 34 bila kumwambia idadi. Mwambie avihesabu. Atahesabu kimoja kimoja, na pengine atapotea njiani. Mwache apotee. Kisha mwambie: "Kila ukifika kumi, funga."

Afunge mwenyewe. Mpira utamponyoka, vijiti vitamwagika, utatamani kumsaidia. Jizuie. Mtoto aliyehangaika kufunga vijiti kumi kwa mkono wake hatasahau kwamba kifungu kimoja ni vijiti kumi. Aliyepewa vifungu tayari anaviona kama vijiti vinene tu.

Akimaliza ana vifungu vitatu na vijiti vinne. Muulize: "Vingapi vyote?"

Tahadhari. Kagua vifungu. Chenye tisa au kumi na kimoja kitaharibu kila kitu mbele, na mtoto atadhani ni yeye asiyeelewa. Afungue na kuhesabu upya mwenyewe.

Utajua amefaulu pale anapohesabu "kumi, ishirini, thelathini, thelathini na moja, thelathini na mbili…" bila kufungua chochote. Kisha mtege: nyanyua kifungu kimoja, uulize, "Nikikifungua hiki, meza nzima itakuwa na vijiti vingapi?" Akijibu 34 papo hapo, endelea. Akitaka kuhesabu upya, bado. Hajaamini kwamba kufunga na kufungua hakuongezi wala hakupunguzi, na imani hiyo ndiyo inayobeba hatua zote zinazofuata.

## Hatua ya 2: Majina mawili ya namba moja

Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kisha kinatuachia shimo ambalo wengi hawalioni.

Kinatusaidia kwenye kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Namba inajieleza yenyewe: kumi, na tatu. Mtoto akisikia "kumi na tatu" anasikia kifungu kimoja na vijiti vitatu.

Shimo linaanza kwenye ishirini. Hakuna "mbili" ndani ya ishirini, wala "tatu" ndani ya thelathini, wala "nne" ndani ya arobaini, wala "tano" ndani ya hamsini. Sitini inamkumbusha sita, sabini saba, tisini tisa. Lakini themanini haina nane ndani yake. Sisi wakubwa tulishazoea. Mtoto anayasikia haya kama majina tu, kama majina ya watu.

Kwa hiyo mpe kila namba jina la pili. Ishirini ni *makumi mawili*. Thelathini na nne ni *makumi matatu na mamoja manne*. Kwa siku kadhaa cheza naye: wewe taja jina moja, yeye ataje la pili na kuonyesha vifungu.

"Hamsini na sita?"
"Makumi matano na mamoja sita!"
"Makumi manane na mamoja mawili?"
"Themanini na mbili!"

Kazia arobaini, hamsini na themanini. Kwa uzoefu wangu hizo ndizo zinazochelewa.

Utajua amefaulu anapoanza kujibu bila kugusa vijiti, na anaposikia "arobaini" mkono wake unaelekea kwenye vifungu vinne bila kusita.

## Hatua ya 3: Kuandika namba kwa kadi za kupandanisha

Sasa vijiti vinakutana na tarakimu. Weka vifungu vinne kwenye safu ya makumi na vijiti saba kwenye safu ya mamoja. Mtoto achague kadi: 40 na 7. Kisha aipandishe 7 juu ya 40, upande wa kulia, hadi ifunike sifuri. Inasomeka 47.

Aitoe 7, aone sifuri bado ipo chini. Airudishe. Arudie mara nyingi apendavyo. Watoto hupenda sana kuchungulia sifuri iliyojificha, na kuchungulia huko ndiko kunakomfundisha kwamba 4 ya kwenye 47 ni arobaini.

Kadi hizi pia zinatibu ugonjwa mwingine. Mwambie mtoto aandike mia tatu na tano. Wengi huandika 3005. Ameandika alivyosikia: mia tatu, kisha tano. Mpe kadi ya 300 na kadi ya 5, azipandanishe. 305. Sifuri ya katikati anaiona kwa macho, na anaona kwamba inashikilia nafasi ya makumi ambayo haina kitu.

Kipimo cha hatua hii, tafadhali usikiruke. Andika 47 kwenye karatasi. Zungushia 7, useme, "Nionyeshe vijiti vya hii." Ataleta saba. Zungushia 4, useme vile vile. Mtoto ambaye hajaelewa ataleta vijiti vinne, na hataona ajabu yoyote kwamba vijiti kumi na moja vimekuwa 47. Aliyeelewa analeta vifungu vinne. Akileta vijiti vinne, usimkemee, sema, "Haya, vihesabu vyote." Mwache akutane na kumi na moja. Kisha rudini kwenye kadi.

## Hatua ya 4: Kujumlisha pasipo kufunga

23 + 14. Mtoto anaweka vifungu viwili na vijiti vitatu kwenye karatasi ya safu. Chini yake anaweka kifungu kimoja na vijiti vinne. Anasogeza pamoja: mamoja kwa mamoja, makumi kwa makumi. Makumi matatu na mamoja saba. 37.

Fanyeni maswali sita au saba hivi, siku moja au mbili, basi. Kukaa hapa muda mrefu ni hatari. Mtoto akifanya maswali hamsini ya aina hii anajifunza kwamba kila safu ni hesabu inayojitegemea, isiyo na uhusiano na jirani yake. Hapo ndipo 513 inapozaliwa. Vitabu vingi vina kurasa nyingi za maswali haya kwa sababu ni rahisi kuyasahihisha. Ziruke bila wasiwasi.

## Hatua ya 5: Kujumlisha na kufunga kifungu kipya

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ipe siku nyingi.

Kabla ya chochote, mpe mtoto sheria moja: katika safu ya mamoja hawalali vijiti kumi. Wakifika kumi, wanafungwa na kuhamia jirani, kwa makumi. Wanaozidi ndio wanaobaki.

38 + 25. Mtoto anapanga vifungu vitatu na vijiti vinane. Chini yake vifungu viwili na vijiti vitano. Anasogeza mamoja pamoja. Muulize tu, "Wanaweza kulala hapo wote?"

Nyamaza sasa. Kimya hiki ndicho kigumu kuliko yote kwa sisi tunaofundisha. Nakumbuka mtoto mmoja wa miaka saba aliyekaa na vijiti kumi na vitatu mbele yake kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu mno. Alivihesabu. Akavihesabu tena. Akavuta viwili kutoka kwenye vile vitano akaviunga na vile vinane, akautazama mpira uliokuwa pembeni, kisha akanitazama mimi kama anayeomba ruhusa. Sikusema kitu. Akafunga. Kile kifungu hakukiweka popote; alikishika mkononi, juu ya karatasi, akiangalia safu moja na nyingine. Halafu akakilaza kwenye makumi, taratibu, na kusema, "Huyu amekuwa wa huku." Kuanzia siku ile sikuhitaji kumwambia abebe kitu.

Kwenye safu ya makumi sasa mna vitatu, viwili, na huyo mgeni mmoja: sita. Mamoja ni matatu. 63.

Kwa nini tunaanzia mamoja? Usimwambie "ndiyo kanuni." Siku moja mwache aanzie makumi. Atapata makumi matano, atafurahi, kisha akifika mamoja kifungu kipya kitazaliwa na itabidi arudi kubadili tano kuwa sita. Ataona mwenyewe kwamba kuanzia kulia kunamwokolea kazi ya kurudi nyuma. Anayeanzia kushoto kichwani na kurekebisha hajakosea. Wakubwa wengi hufanya hivyo. Kwenye karatasi ndipo inapoleta ufutaji.

Tahadhari. Changanya maswali. Kati ya matano, mawili yasiwe ya kufunga. Yakiwa yote ya kufunga, mtoto atajifunza kuhamisha kifungu kila mara hata pale ambapo hakuna.

Utajua amefaulu anapotazama 46 + 32 na 46 + 38 na kukuambia, kabla ya kugusa vijiti, ni lipi litazaa kifungu kipya na kwa nini.

## Hatua ya 6: Vijiti na penseli pamoja

Kila tendo la mkono lipate alama yake kwenye daftari, wakati ule ule. Sio vijiti kwanza hadi mwisho, ndipo kuandika. Hapo mtoto ananakili jibu tu.

Napendelea kuanza na maandishi marefu:

```
    3 8
 +  2 5
 ------
    1 3    (mamoja: 8 + 5)
    5 0    (makumi: 30 + 20)
 ------
    6 3
```

Hapa hakuna kubeba kokote. 13 inaandikwa yote, na 1 yake inajikuta chini ya makumi yenyewe. Mtoto anaona ilikokuwa inakwenda. Kaeni hapa wiki nzima kama anapapenda. Ni hesabu halali kabisa, si ya kitoto, na mtoto anayeielewa vizuri asiharakishwe kuiacha.

Baadaye mwonyeshe njia fupi:

```
    1
    3 8
 +  2 5
 ------
    6 3
```

Ile 1 ya juu aiandike kwa kalamu ya rangi, na aiandike *wakati uleule* mkono mwingine unapolaza kifungu kwenye safu ya makumi. Kama kuna watoto wawili, bora zaidi: mmoja ahamishe, mwingine aandike, kisha wabadilishane. Darasani penye watoto wengi, hii ya wawili wawili ndiyo inayowezekana, maana vijiti vichache vinatosha.

Na ulimi wako uuangalie. Acha "andika tatu, beba moja." Sema: "Mamoja kumi na matatu. Kumi moja linahamia makumi, mamoja matatu yanabaki." Ni sentensi ndefu, najua. Lakini "moja" inayobebwa si moja, na ukiiita moja mara mia mtoto atakuamini.

Kuna wanaoandika kibebwa juu, wengine chini ya mstari. Fuata anavyofanya mwalimu wake wa shuleni. Mtoto anayevutwa huku na huku kwa jambo dogo hivyo anapoteza nguvu anazozihitaji kwa jambo kubwa.

Tahadhari ya mpangilio. Tarakimu moja, chumba kimoja. 46 + 7 ikiandikwa ovyo, 7 inaangukia chini ya 4 na jibu linakuwa 116. Kabla hajajumlisha, aguse kila tarakimu aseme jina lake: "makumi manne, mamoja sita, mamoja saba."

## Hatua ya 7: Kuviaga vijiti

Usivinyang'anye ghafla. Vipitishe kwenye mchoro: mstari wima ni kumi, nukta ni moja. Mtoto anachora mistari mitatu na nukta nane, mistari miwili na nukta tano, kisha anazungushia nukta kumi na kuchora mshale kuelekea kwenye mistari.

Baada ya siku chache atachoka kuchora. Kuchoka huko ndiyo ishara. Anapoanza kuandika jibu kabla mchoro haujaisha, mwache aandike tarakimu tupu, lakini vijiti viendelee kukaa mezani. Akikosea, usimfutie wala usimwambie jibu. Sema tu, "Nionyeshe kwa vijiti." Mara nyingi anaona kosa akiwa bado anapanga.

Hapa pia mfundishe kukisia kabla ya kuandika. 38 iko karibu na 40, na 25 ukiiongeza unakaribia 65. Mtoto mwenye 65 kichwani hawezi kuridhika na 513. Iwe desturi: kisio kwanza, pembeni ya ukurasa, ndipo hesabu.

## Hatua ya 8: Mamia

Rudisheni vijiti kwa siku moja tu. 67 + 58. Mamoja ni kumi na matano: kifungu kimoja kinahama, vitano vinabaki. Makumi sasa ni sita, matano na mgeni mmoja: kumi na mawili. Muulize, "Sheria ya mamoja, je, na makumi wanayo?"

Hebu akae nayo hiyo. Wengi huruka kwenye kiti wanapogundua: vifungu kumi navyo havilali pamoja. Vinafungwa kwa mpira mkubwa kuwa fungu moja la mia na kuhamia safu ya mamia. Mpe alishike kwa mikono miwili. Mia ni nzito. 125.

Baada ya hapo vijiti havitoshi, na havihitajiki. Tumieni mchoro: mraba ni mia, mstari ni kumi, nukta ni moja. Fanyeni kwa mpangilio huu:

1. 258 + 124. Safu moja tu inafunga. Jibu 382.
2. 258 + 167. Mbili zinafunga. Jibu 425.
3. 304 + 98. Hili ni gumu kuliko linavyoonekana: namba zina urefu tofauti, na makumi ya 304 ni sifuri. Mamoja kumi na mawili; makumi ni sifuri, tisa na mgeni mmoja, yaani kumi kamili, hakuna linalobaki. Jibu 402. Mtoto akiacha nafasi ya makumi wazi ataandika 42. Mrudishe kwenye kadi, apandanishe 400 na 2.
4. 28 + 37 + 19. Mamoja ni ishirini na manne. Vifungu vinavyohama ni *viwili*. Jibu 84. Swali hili naliweka kwa makusudi, maana mtoto aliyekariri "beba moja" atabeba moja na kupata 74. Aliyefunga vijiti kwa mkono wake atacheka na kuhamisha viwili.

Akifika hapa, maelfu hayahitaji somo jipya. Ongeza safu moja kushoto, sheria ni ile ile.

## Kusoma kosa

Kosa la mtoto lina anwani. Kabla ya kuweka alama ya mkasi, jiulize limetoka hatua gani.

38 + 25 = 513: safu zinajitegemea, hakuna kinachohama. Hatua ya 5, kwa vijiti.

38 + 25 = 53: amefunga, kisha amesahau mgeni. Hili dogo. Hatua ya 6, kalamu ya rangi, na aanze kuhesabu makumi kwa kumtaja mgeni kwanza.

38 + 25 = 81: ameandika 1 na kubeba 3. Hajui ipi kati ya tarakimu za 13 ni kumi. Hatua ya 3, kadi. Usimrekebishe kwa maneno. Kosa hili linajificha wiki moja na kurudi.

38 + 25 = 62 au 64: thamani ya nafasi anaijua. Amekosea 8 + 5. Hatua ya kukamilisha kumi, dakika tano kila siku, na msifu kwa yale mengine yote aliyoyafanya sawa.

## Kipimo cha mwisho

Usimpe maswali ishirini. Mwandikie kwenye karatasi, kwa mwandiko wako, 47 + 36 = 713, umwambie kuna mtoto mwenzake amepata hivi. Msogezee vijiti na karatasi ya safu, kisha wewe ukae kama mwanafunzi.

Atapanga vifungu vinne na vitatu, vijiti saba na sita. Atakusomea kosa: "Hawa kumi na tatu kawaacha wote hapa." Atavuta kumi, atavifunga, atavihamisha mbele ya macho yako. Halafu atachukua penseli, atakata 713, na pembeni yake ataandika 83.